Siku Niliyopita Bila Kusalimia

Haya niliyaficha muda mrefu kwa aibu, lakini kwa kuwa Lufingo nzima inayajua, na hata watoto wakiniona wanaweka mikono kichwani, bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kusimuliwa na Bibi Subilaga, ambaye kila akisimulia anaongeza kilio.

Kifua kilinilaza wodini wiki tano. Mimi ni mtu wa kuzunguka (shule niliiachia darasa la sita, nikapasua mbao Makete, nikabeba mpunga Kyela, nikaosha magari Mbeya), kwa hiyo kulala sehemu moja kulinitesa kuliko sindano, na kibaya zaidi, mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja, mimi na mzee wa kitanda cha pili tukipokezana. Niliposikia kuna mbio za hisani Tukuyu mjini, kilomita kumi, za kuchangia mitungi ya wodi ileile, nikasema hizo ni zangu.

Shangazi Tusekile, aliyeniuguza na kuninywesha uji kwa kijiko, akazichukua raba zangu, akazifungia kwenye sanduku la vitenge, ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga.

"Siku utakayopanda kutoka darajani mpaka mlangoni kwangu bila kusimama hata mara moja, nitakupa," akasema. "Nikuzike kwa ajili ya fulana ya bure?"

Nikajaribu asubuhi tatu, na gambuti miguuni. Kilichonishinda hakikuwa kifua, zilikuwa salamu. Kwetu huwezi kumpita mzee ukikimbia kama mbuzi. Unasimama, unainama kidogo, "Mugonile," unaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za kifua chenyewe, na ukimaliza na huyu, mwingine yuko uani kwake anakusubiri. Siku ya nne, huku kesho yake ikiwa mwisho wa kujiandikisha, nikaamua: leo sisalimii mtu. Uamuzi mdogo tu.

Na hapo nikaongeza ujuzi wangu. Nilikuwa nimesoma kwenye kipande cha gazeti kilichofungia maandazi (mimi husoma chochote, hata mfuko wa mbolea) kwamba ukiweka mikono kichwani mapafu yanafunguka. Sasa nioneni: kijana aliyekonda, mikono kichwani, mdomo wazi, machozi ya baridi mashavuni, anapita mbio kuelekea kwa shangazi yake, na hasalimii mtu.

Bibi Subilaga alikuwa anachuma chai kando ya barabara. "Ambakisye, kuna nini nyumbani?"

Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo. Nikapunga mkono kuelekea mlimani, nikimaanisha nitamsalimia nikirudi.

"Mwe, Tusekile," nikamsikia nyuma yangu, halafu kilio kikaanza, kile kirefu, kikapokelewa shamba hadi shamba.

Nilipogeuka pale kwenye kona, nikaona watu kama thelathini wananifuata mbio, wanawake wamejifunga khanga viunoni, mmoja ana mkungu wa ndizi kichwani (msibani huendi mikono mitupu). Nisimame nieleze? Nikisimama raba zimekwenda. Tena, niseme ukweli, niliogopa. Nikaongeza mwendo. Na wao wakaongeza.

Shangazi alikuwa anakamua. Aliposikia vilio vinapanda mlima alijua moja kwa moja kwamba yule mkaidi wake kaanguka njiani kafa. Akaacha ndoo, akatoka mbio mikono kichwani, mimi naingia uani mikono kichwani, tukagongana, tukaenda chini wote wawili kwenye tope la zizini, umati ukatuzunguka.

"Kumbe uko hai," Bibi Subilaga akamwambia shangazi.

"Kumbe uko hai," shangazi akaniambia mimi.

Nikaeleza, neno moja kila pumzi.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa?" akauliza yule wa mkungu, kama mtu aliyedhulumiwa. Nilitamani nirudishwe wodini.

Shangazi akasimama, akajipangusa tope, akawageukia watu. "Huyu alisimama njiani?"

"Angesimama tungemkamata," Bibi Subilaga akajibu huku akihema. "Tangu kule chini, Tusekile, nimemkimbiza mimi mwenyewe. Huyo kapona."

Shangazi akamtazama, akanitazama, kisha akaanza kufungua pindo la khanga, taratibu, mbele ya watu wote.

Ndizi zilipikwa palepale. Adhabu yangu ikawa kumsalimia kila mmoja aliyenifuata, salamu kamili, mpaka jua likawa utosini.

Siku ya mbio, kwenye kilima cha mwisho, miguu ilianza kukataa na nikawa nishapunguza mwendo ili nitembee, ndipo nikasikia nyuma yangu kile kilio. Bibi Subilaga na wenzake walikuwa wamejipanga kando ya barabara, na walipoona nataka kusimama wakaingia barabarani kunikimbiza, watu wa mjini wakishangaa ni msiba wa nani. Nilivuka utepe nikikimbia, raba miguuni, na shangazi akanivalisha sweta kabla hata sijapewa maji.

Bado nakimbia kila asubuhi. Ila sasa namsalimia kila ninayempita, nimejifunza kusema "Mugonile, nyumbani kwema" kwa pumzi moja, na mikono yangu, hata kifua kibane vipi, haitavuka mabega tena.