Pagale si Gofu

Mume wangu aliyaita yote mapagale. Kasri la kwanza tuliloliona lilikuwa juu ya jabali, limebakiwa na mnara mmoja na nusu ya ukuta. Alilitazama kupitia kioo cha gari tulilokodi akasema, "Pagale zuri hili." Nikamrekebisha. Pagale ni nyumba iliyoanzwa kujengwa ikaachwa kabla mtu hajahamia. Iliyokaliwa ikabomoka ni gofu. Akasema huku Ufaransa nani atatusahihisha. Tukashuka, tukalipa kiingilio.

Tofauti aliijua vizuri, maana pagale tulikuwa nalo sisi wenyewe, Kibaha. Tulilianza watoto wakiwa wadogo, tukituma pesa kutoka Toronto kidogo kidogo. Likapanda mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha, watoto wakaingia chuo, likakwama hapo. Mara kwa mara shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alitutumia picha. Mpapai uliota sebuleni ukaanza kuzaa. Mbuzi wa jirani walilala chumba cha wageni. Ramani aliichora mume wangu mwenyewe, na ilikuwa na kioja kimoja: dirisha la jikoni lilikuwa kubwa kuliko la sebule. Fundi aliuliza mara mbili kama hayo si makosa. Mimi nilisema wezi watamshukuru.

Mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Sidhani kama kuna ghorofa Scarborough, upande wetu wa Toronto, ambalo hajawahi kuingia kwenye shimo la lifti yake. Alipostaafu alisema sasa tukamalize nyumba yetu, turudi. Nikamwambia mimi sirudi. Mjukuu wangu yuko Malvern, basi moja tu kutoka kwetu, na siku ambazo mama yake yuko kazini namchukua shule mimi. Akanipiga na methali, mkataa kwao mtumwa. Nikamjibu kwamba mtumwa ni yule atakayebeba ndoo za maji Kibaha kwa magoti kama haya yangu. Ndivyo tulivyoishi, bila ugomvi mkubwa, kila mmoja ameshikilia lake.

Binti yetu alichoka kutusikiliza, akatulipia wiki moja ya mapumziko mashambani, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Siku moja kabla ya safari shemeji akapiga simu. Jirani, yule mwenye mbuzi, alitaka kulinunua pagale, na jibu alilitaka wiki hiyo hiyo. Kiwanja kilikuwa kwa jina la mume wangu, lakini alisema hatauza wala hatajenga bila kauli yangu. Tukakubaliana tusilizungumzie mpaka siku ya mwisho.

Kifaransa chetu ni cha maboksi ya maziwa na biskuti, kama cha watu wengi wa Toronto, maana kule kila boksi huandikwa kwa lugha mbili. Tunajua "haina sukari" na "tikisa kabla ya kunywa". Haikutupa shida kubwa, mikate unaweza kuinyooshea kidole. Asubuhi tuliendesha gari katikati ya mizabibu, mchana tukatembea kwa miguu kwenye njia zilizowekwa alama za rangi kwenye mawe. Tuliona mahali ambapo watu wa zamani walijenga chini ya jabali, wakaweka ukuta wa mbele tu na kuuacha mwamba uwe ukuta wa nyuma na paa. Mume wangu aliwasifu sana kwa kukwepa gharama ya mabati. Katika kijiji kimoja tuliona birika kubwa la mawe ambamo wanawake walikuwa wakifulia, limeezekwa vizuri, na kingo zake zimelika pale walipokuwa wakisugulia nguo. Nilitia mkono. Maji yalikuwa baridi kama ya barafu, nikazikumbuka kwa upendo mashine za kufulia zilizoko chini ya jengo letu, pamoja na ubovu wake.

Kila tulipopanda mnara, kwenye zile ngazi za kuzunguka, alisimama katikati akidai ni kwa ajili ya magoti yangu. Ilikuwa ni pumzi yake. Alipokuwa akihema alinionyesha lifti ingepita wapi. Na kila alipoona ukuta usio na paa alichunguza umefunikwa nini kwa juu ili mvua isiingie ndani ya mawe. Nilijua ni ukuta upi alioufikiria, lakini ahadi ni ahadi, nikanyamaza. Nilifurahi wiki ile. Ni mtu mzuri wa kutembea naye, na nilikuwa nimeanza kulisahau hilo.

Siku ya mwisho tuliliacha gari chini ya kilima, tukapanda kwa miguu kwenda kasri jingine. Kutoka chini lile kasri lilionekana zima, lina madirisha mengi na mlango wa kuchongwa. "Nyumba njema si mlango," alisema mume wangu, na kweli tulipoingia ndani tulikuta majani na anga. Dada aliyetembeza wageni alizungumza Kiingereza kizuri. Alieleza kwamba mwenye kasri alilianza akiwa kijana, akaitwa vitani, asirudi. Mjane wake alikwenda kuishi kwa kaka yake, na kuta zikabaki pale zilipofika. Alituonyesha meko ya ghorofani, yamening'inia ukutani bila sakafu, yamenakshiwa maua na ndege. Hayakuwa na hata alama ya masizi. Alisema hakuna mtu aliyewahi kulala mle.

Mume wangu alimwomba arudie hiyo sentensi ya mwisho. Kisha akanigeukia.

"Mama, hili je?"

"Hili ni pagale," nikakubali.

Tulicheka mpaka wageni wengine wakatutazama. Watu wametoka kwao kwa ndege, wakalipa, ili kuangalia pagale. Yeye ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

Tulikaa kwenye benchi la mawe lililojengewa ndani ya dirisha moja, nikammiminia chai kutoka kwenye chupa. Chini yetu trekta ilikuwa ikipita kati ya mizabibu. Aliniuliza kwa sauti ile ile anayoombea sukari, "Nikiimaliza nyumba, utakuja?"

Nikamwambia kutembea nitakuja, kuishi hapana. Akaitikia kwa kichwa. Nikajaribu utani. Nikasema afadhali, maana lile dirisha la jikoni lingetuletea wezi kila wiki.

"Lile lilikuwa lako," alisema. "Mwaka wetu wa kwanza Toronto, pale ghorofani kwetu, ulilia. Unakaanga vitunguu saa sita mchana na taa umewasha. Ukasema hujawahi kuona jiko lisiloona jua."

Sikukumbuka. Naukumbuka mwaka ule, baridi yake, koti moja tulilokuwa tukipokezana, lakini kulia kwa ajili ya jiko sikukumbuka hata kidogo. Jiko letu kweli halina dirisha. Nimelizoea siku nyingi, hata silioni tena kama ni upungufu. Yeye alikuwa amelibeba neno langu mpaka akalichora kwenye ramani, na fundi alipomuuliza, na mimi nilipomcheka, hakusema kitu.

Nilitaka kumwambia nitakuja. Neno lilifika mdomoni kabisa. Lakini halikuwa kweli, na yeye angeliamini, angepeleka Kibaha nguvu zote zilizombakia, halafu angekaa mle peke yake. Nikanywa chai yangu. Alipomaliza yake alikung'uta kikombe, akatoa simu, akaenda kutafuta mtandao karibu na lango. Nilimsikia akimwambia mdogo wake, "Muuzie." Kisha akasema, "Mwambie ule mpapai asiukate, unazaa."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Niliona uchungu njia nzima ya kushukia kwenye gari, na kwa kuwa yeye aliongoza, hakuniona.

Jirani hakuwa mtu wa kuchelewa. Jumamosi iliyopita shemeji alituma picha. Paa la mabati mekundu limekamilika, kuta zimepigwa plasta, na mpapai sikuuona. Picha ya mwisho ilipigwa kutoka uani. Lile dirisha kubwa lilikuwa wazi, na ndani alisimama mwanamke nisiyemjua, ana mwiko mkononi, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua.

Mume wangu aliitazama, akanipa simu.

"Si pagale tena," alisema.

Nikasema ni nyumba nzuri. Nikamrudishia simu yake, nikaingia jikoni, nikawasha taa, nikaanza kumenya vitunguu. Ilikuwa saa sita mchana.