Mimi Ndiye Mke Mvivu wa Sinema

Tumebaki wawili. Wengine wote walioigiza katika ile sinema ya matuta wameshazikwa: mzee aliyekuwa chifu, mume wangu wa uongo, mume wa uongo wa mwenzangu, hata yule aliyepita na punda mara moja tu. Nimebaki mimi, mke mvivu, na amebaki yeye, mke hodari. Mungu angeweza kuniachia mtu mwingine yeyote, akaniachia huyo.

Sinema ilipigwa picha hapa Mwala mara tu baada ya uhuru, nikiwa msichana wa miaka kumi na saba. Serikali ilitaka watu wachimbe matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro unarushwa upande wa mlimani ili mvua isiondoke na shamba. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mke mmoja anachimba, anavuna. Mwingine analala chini ya mti, mbuzi wanamaliza mahindi, watoto wanalia njaa. Yeye alikuwa binti wa mwenye duka, mweupe, meno yamejipanga, akapewa kuchimba. Mimi nikaambiwa nilale. Nililala kweli, kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa kwenye mwethya, kundi letu la kuchimbiana mashamba, na nilikuwa hoi. Bwana wa kamera alinisifu kwamba najua kuigiza.

Sasa kuna jambo tunalolijua sisi wawili. Huyo binti wa duka hakujua kushika beleshi. Udongo aliurusha chini kwenye mteremko, na akiambiwa juu, unamrudia machoni. Mwishowe bwana wa kamera akaniita, akapiga picha mikono yangu tu, kwa karibu, ikichimba na kurusha. Kwa hiyo katika sinema uso ni wake na mikono ni yangu. Siku ile hatukuona ajabu. Tulicheka, tukapewa soda, tukaenda nyumbani.

Gari la sinema lilizunguka na hadithi hiyo miaka mingi, Mwala, Ekalakala, mpaka Machakos mjini, na watu waliikariri. Wala hawakutenganisha sinema na mtu. Kulikuwa na kijana wa Ekalakala aliyeanza kuja kwetu. Mama yake akaniona kwenye kile kitambaa cheupe, nimelala, mbuzi wanakula, akasema mwanawe hataoa njaa. Kijana akapotea. Nilipoolewa hatimaye, mama mkwe alinipa jembe siku ya pili, nikachimba matuta ya shamba zima. Yapo mpaka leo, njoo uyaone. Lakini nikichelewa kidogo kwenye mwethya, lazima mtu aseme, "Muacheni, alikuwa chini ya mti." Yeye akichelewa, wanasema labda anaumwa.

Nilimwonea wivu. Sitafuti neno la adabu. Nilimwonea wivu alipopewa mbuzi na chifu kwa kuwa mfano, na alipokalishwa mbele katika kila baraza, huku shamba lake likilimwa na vibarua. Sikutaka mbuzi. Nilitaka aseme mara moja tu, mbele ya watu, kwamba ile mikono si yake. Tulikutana kisimani, kanisani, matangani, na hakusema. Mimi mwenyewe nilijaribu kusema siku moja. Wanawake walicheka mpaka wakashika viuno, wakaniambia wivu utaniua.

Mwaka jana akaja msichana wa chuo kikuu, ameipata sinema na kuiweka kwenye tableti, anatafuta waigizaji walio hai. Alituketisha pamoja, uani kwa mwenzangu, bila shaka, si kwangu. Akawasha kamera yake, akafungua na daftari. Mwenzangu siku hizi akili inamtoka. Msichana akamwonyesha uso wake mwenyewe wa ujana.

"Susu, huyu ni nani?" akamuuliza, kama tunavyowaita akina nyanya.

"Mimi simjui. Lakini ni msichana mzuri."

Picha ikaendelea, ikafika penye mikono. Mwenzangu akainama, akatazama kwa muda, kisha akaninyooshea kidole.

"Hii mikono ni ya huyu," akasema. "Mimi beleshi ilinishinda. Ni yeye alichimba."

Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka sitini. Lilikuja kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kuku wametoka. Nilitaka alirudie.

Binti yake, aliyesimama nyuma ya kiti, akamshika bega. "Pole, madam. Siku hizi anachanganya watu. Hata mimi ananiita dada yake."

Msichana akatabasamu, akazima kamera.

"Hajachanganya," nikasema. "Ni ukweli. Hiyo mikono ni yangu."

Wakanitazama kwa upole, wote wawili, na ule upole uliniuma kuliko kicheko cha wale wanawake. "Sawa, Susu," msichana akasema. Kalamu yake haikusogea.

Nikamgeukia mwenzangu aseme tena. Alikuwa akitazama mbuzi wa jirani, ameshatusahau sote.

Binti yake akaniinamia. "Na wewe Mwaitu," akasema polepole, kama anavyomwita mama yake, "mpaka leo bado unamwonea wivu?"

Nikajibu ndiyo, kwa sababu hilo nalo lilikuwa kweli. Hilo msichana aliliandika.