Mgeni wa Toleo la Mwisho

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimesinzia, nakujibu kabisa: sikuwa nimesinzia. Nilikuwa macho makavu, nimekaa kwenye benchi la nyumbani kwetu Ijumbi, saa za watu kurudi shamba, kikombe cha chai mkononi. Pombe sinywi. Na wanaonijua pale sokoni Bukoba ninakouza vipodozi watakwambia mimi si mtu wa kukimbia kivuli. Ukitaka kucheka, cheka. Mwenzetu mmoja, Rwega, naye alicheka, na nitakueleza alivyoishia.

Lakini kwanza ujue Bwana Lubugo ni nani. Enzi za utoto wetu kulikuwa na katuni iliyochorwa hukuhuku kwetu, ikachapwa kwa mashine ya kudurufu ya mkono, ikauzwa stendi na nje ya makanisa baada ya misa. Shujaa wake ndiye Bwana Lubugo. Huyu hakuvaa chupi juu ya suruali kama wale mashujaa wa kizungu. Alivaa lubugo, ile nguo ya magome ya mti waliyovaa babu zetu, na akishalifunga fundo begani, anapaa juu ya ziwa. Mchoraji hakuandika jina lake popote. Kwenye kona ya kila ukurasa alichora senene mdogo, yule panzi wetu wa kuliwa, basi.

Kaka yangu Domi alinifundisha kusoma kwa katuni hizo. Sikudanganyi, nilimjua Bwana Lubugo kabla sijaijua Baba Yetu.

Toleo lililotugombanisha ni la mwisho. Lilikuwa jembamba: jalada, na ndani yake karatasi moja iliyokunjwa, vyote vimebanwa kwa pini mbili, kurasa nne tu. Nisikilize vizuri hapa. Ukurasa wa kwanza, Bwana Lubugo yuko ufukweni, lubugo lake limechanika, analikamua maji, na hakuna neno hata moja lililoandikwa. Wa pili, anapaa kuelekea milimani. Wa tatu, anapigana na Joka la Ukungu juu ya jabali, na lubugo lake ni zima, halina hata tundu. Wa nne, anaanguka ziwani, na picha ya mwisho ni nyeusi tupu. Halafu kimya. Hakukutoka toleo jingine.

Je, alikufa? Hilo ndilo swali. Domi alipougua, akiwa hawezi hata kuinua kichwa, aliniomba toleo lile, akaliweka kifuani. Akaniambia, "Huyu hajafa. Usimwachie mtu amzike." Wiki ileile tukamzika Domi mwenyewe, hapo kwenye kibanja, shamba la nyumbani, karibu na migomba ya mama. Toleo nikalifungia sandukuni pale nyumbani.

Sasa siku hizi tuna kikundi chetu cha wapenzi wa katuni za zamani. Tunakutana Jumapili mchana Bakoba, kata ya pale Bukoba mjini, kwenye karakana ya Rwega, ambaye kazi yake ni kuchora mabango ya maduka. Jamani, tunabishana! Mpita njia anadhani tunagombania shamba. Mmoja anasema mchoraji alikuwa bingwa wa kuchora mvua, mistari yake ukiitazama unatamani kujifunika. Mwingine anasema mvua sawa, lakini mikono aliichora kama chane za ndizi. Mwenyekiti wetu, Ta Feli, mzee mpole wa Kilutheri, kazi yake ni kugonga meza.

Rwega alikuwa na neno moja lililonichoma. Alisema mchoraji alikuwa mzembe. "Tazama mwenyewe," ananiambia, "ukurasa wa kwanza vazi limechanika, wa tatu limepona. Nani alilishona? Na huu ukurasa usio na maneno? Alichoka huyu. Alichoka na shujaa wake, akamzamisha amalize kazi." Mimi namjibu kwamba mtu anayekumbuka kuchora senene kwenye kila kona hawezi kusahau tundu la nguo. Ananiuliza, basi nieleze. Siwezi kueleza. Unajua inavyouma kujua kwamba uko sahihi na huna la kusema?

Basi kikundi kikaamua kukusanya matoleo yote na kuyachapa upya kuwa kitabu kimoja. Na Rwega, bila kutumwa na mtu, akachora ukurasa wa kuongezea mwishoni: mazishi. Bwana Lubugo amelazwa, amefunikwa lubugo lake hadi usoni kama maiti wa zamani, na watu wanalia. Na kusema kweli ulichorwa vizuri, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Tukapanga kupiga kura Jumapili inayofuata. Kwa hasira nikaropoka kwamba atakayeshindwa ampe mwenzake toleo lake la mwisho. Rwega akanipa mkono palepale, mbele ya watu.

Umeona nilichofanya? Nimeweka rehani karatasi aliyolala nayo kaka yangu.

Siku ya Jumamosi nikapanda gari hadi Muleba, nikafika Ijumbi kulichukua. Shangazi anayekaa pale alikuwa amekwenda jumuiya. Nikatoa toleo sandukuni, nikatoka nalo barazani kulisoma kwa mara nyingine, nikitafuta hoja. Mvua ikaanza. Mvua ya kwetu unaijua, hainong'onezi. Kibanja chote kikawa kelele tupu za majani ya migomba.

Ndipo nikamwona mtu anakuja katikati ya migomba, taratibu, kama anayetembea baada ya kula. Mzee mrefu, koti la zamani lenye kifungo kimoja. Akapiga hodi, nikamkaribisha, nikamwamkia kwa Kihaya, "Kasinge, waitu," maana ni mkubwa kwangu. Akaitikia, akakaa. Na hapo ndipo nilipotazama mabega yake. Yalikuwa makavu. Viatu vyake vikavu. Niamini, maji yalikuwa yanashuka kwenye bati kama yamemwagwa kwa ndoo, na huyu mtu alikuwa mkavu kama kuni za jikoni.

Ungefanya nini? Mimi nilifanya tulichofundishwa. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya, kabla ya maneno, anapewa kahawa ya kutafuna. Nikaleta kijaluba cha shangazi. Akachukua tunda moja, akalipasua kwa kucha, punje mbili zikatoka. Moja akatia mdomoni. Ya pili akanikabidhi mimi, na dole gumba lake lilikuwa jeusi tii, likagusa la kwangu. Lilikuwa la baridi.

Zamani watu wawili wakigawana tunda moja la kahawa walikuwa wanafunga undugu, na ndugu wa namna hiyo hadanganywi. Kwa kweli, wao waliongeza na damu. Lakini nani anajua wafu wanahesabu vipi? Kuikataa kahawa ya mkononi ni tusi. Nikaitafuna. Ilikuwa na ladha ya wino.

"Hilo unalosoma," akasema, "linakuliza nini?"

Sikujua kwamba machozi yananitoka. Nikamweleza yote, Domi, Rwega, kura. Akanyoosha mkono, akalichukua toleo, akaanza kulikosoa. Eti mkono huu mbaya. Eti jabali lile limeegemea upande. Mimi ubishi wangu hauna breki, nikasahau hofu. Nikamwambia jabali limeegemea makusudi, ndiyo maana msomaji anahisi kuanguka kabla shujaa hajaanguka. Akasema hapana. Nikasema ndiyo. Akanitazama kwa mshangao.

"Mimi nakwambia niliegemesha meza vibaya siku hiyo, na wewe unanibishia?"

Niliegemesha! Umesikia? Nikamwangalia lile dole gumba, nikaelewa nimekaa na nani. Nilitaka kukimbia, lakini nikimbie niache toleo la Domi mikononi mwake? Hata kidogo. Nikajikaza, nikamuuliza lile lililonikaa rohoni: kwa nini ukurasa wa kwanza hauna maneno?

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mtu aliyetoka kuzama sasa hivi, aseme nini?"

Aliyetoka kuzama? Akaingiza ukucha chini ya zile pini mbili, zikatoka bila karatasi kuchanika. Akaitoa karatasi ya ndani kwenye jalada, akaikunjua, akaigeuza, akaikunja upande wa pili, wa ndani ukawa nje na wa nje ukawa ndani. Akairudisha mahali pake. "Nilikuwa nimelala kitandani, nimeshindwa kuamka," akasema. "Walikunja wengine, kwa haraka, wakakunja yote kinyume. Namba za kurasa sikuweka. Nilidhani watu wataona." Akaniwekea toleo mapajani. Nilipoinua macho mvua ilikuwa imekatika, na kwenye benchi hapakuwa na mtu.

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza: vita juu ya jabali, lubugo zima. Wa pili: anaanguka, picha nyeusi. Wa tatu: ufukweni, lubugo limechanika, analikamua maji, kimya. Wa nne: anapaa! Anapaa na lubugo lake lenye tundu, na chini yake vilima vya Muleba vyote! Nilipiga kigelegele peke yangu pale barazani, nikaruka, chai ikamwagika. Kwa hofu? Hofu ilikuwepo, sikatai. Furaha iliizidi.

Jumapili nikaingia Bakoba nimevaa gauni langu la Pasaka. Rwega amebandika ukurasa wake wa mazishi ukutani, anatabasamu. Wakaniuliza kama nina hoja mpya. Nikamwambia Rwega alete toleo lake yeye, lisije likasemwa langu limechezewa. Nikatoa pini, nikaikunja karatasi kinyume mbele ya macho yao, nikamrudishia. "Soma."

Akasoma. Akarudi mwanzo, akasoma tena. Alipofika lile tundu kwenye nguo, akaliwekea kidole. "Hakukosea," akasema. "Jamani, hakukosea hata mara moja." Kisha yule mtu mzima akasimama juu ya kiti akapiga kelele, "Yu hai! Bwana Lubugo yu hai!" na sote tukapiga kelele naye, tukakumbatiana, muuza duka wa jirani akaja mbio akidhani kuna moto. Ukurasa wa mazishi Rwega aliubandua kwa mkono wake mwenyewe.

Baadaye Ta Feli akaniuliza nani amenionyesha. Nikamweleza yule mgeni: urefu, koti la kifungo kimoja, dole gumba jeusi. Rwega akacheka, akasema nimeota. Ta Feli hakucheka. Akavua kofia. "Alikuwa jirani yangu," akasema polepole. "Aliniomba nisimtaje, kwao katuni ilikuwa aibu. Tulimzika Kanazi, wino ulikataa kutoka kwenye dole lile. Jeneza nilibeba mimi." Rwega alikaa chini, na tangu siku hiyo hafungui karakana mvua ikinyesha.

Toleo la Rwega nililichukua, ndiyo. Ulidhani ningemwachia? Tulipeana mkono. Nikaenda nalo Ijumbi pamoja na la Domi, nikakaa kando ya kaburi lake, nikamsomea kwa sauti kuanzia vita hadi kupaa, kama alivyokuwa akinisomea yeye. Nikamwambia, kaka, hakuna aliyemzika.

Na mimi nimebaki na alama. Tazama dole gumba langu. Nimelisugua kwa sabuni, ndimu, mafuta ya taa, na mimi ndiye muuza vipodozi! Wino hautoki. Tena siwezi kusifia mchoro mbaya. Mtu akinionyesha kazi mbovu nami nikitaka kumdanganya kwa upole, mdomo unajaa ladha ya wino hadi niseme ukweli. Nimepoteza marafiki.

Kwa hiyo nakuonya. Ukiwa huku kwetu, mvua inanyesha, akaingia mgeni mkavu akakupasulia tunda la kahawa, fikiri kabla hujatafuna, maana hutadanganya tena. Na kama una kitabu cha zamani ambacho shujaa wake anakufa mwishoni, usianze kulia. Toa pini kwanza.