Simu Ambayo Mwalimu Tekla Hakuipiga

Usiku ule nililala nimenuna, na aliyeninunisha safari hii hakuwa mume wangu bali kundi la WhatsApp la wahitimu na wanafunzi wa chuo chetu. Timu ya mpira wa pete ya chuo ilicheza jioni ile, mechi yake ya kwanza tangu tumzike Mwalimu Tekla. Niliuliza matokeo saa kumi na moja. Nikajibiwa kwa picha ya ua jekundu lenye maneno ya baraka. Nikauliza tena, mtu akatangaza vitenge vya jumla na rejareja. Mara ya tatu mmoja akaandika, "Mungu ni mwema," nikabaki najiuliza kama maana yake tumeshinda au tumefungwa kwa adabu. Kundi zima lile, wengine wanaishi nyuma ya uwanja wenyewe, na hakuna wa kuandika namba mbili tu. Nikaisukuma simu chini ya mto.

"We Skola," mume wangu alisema gizani, "hao watoto hata hawakujui."

Kweli hawanijui. Chuo chetu cha ualimu kiko huko Nyanda za Juu kwenye baridi, na mimi nina mwaka wa tisa sasa Mtwara. Nilikuja kwa ajili ya ajira, nikaolewa, nikazaa, nikazoea joto na kuchuja nazi. Timu tu ndiyo imegoma kunitoka. Mtu aliyekuwa ananielewa ni Mwalimu Tekla, aliyenifundisha kucheza na aliyeendelea kuifundisha timu mpaka ugonjwa ulipomlaza.

Huyu mama hakuwa mtu wa kupongeza. Timu ikishinda alichukua mkoba wake akaenda kwake kupika. Lakini ikifungwa hakulala mpaka amtafute aliyekosa. Simaanishi timu nzima. Alimtafuta yule mmoja aliyekosa goli au aliyeachia mpira, na kama hakumpata chuoni alimpigia simu. Mimi alinikuta nimejifungia kwenye chumba cha kufulia. Akageuza ndoo, akaikalia, akanisimulia habari za ng'ombe wa jirani yao aliyeingia kanisani katikati ya sadaka. Mchezo hakuugusia kabisa. Kesho yake nilifika uwanjani kabla ya wote.

Fainali ya mwaka huu ilimkuta hospitalini. Usiku akanipigia mimi, huku mbali niliko, maana alijua wengine wanatuma maua. Pumzi ilikuwa inamkatika.

"Skola, wewe ndiye mwenye habari. Vipi?"

Siku hiyo, kwa maajabu, matokeo nilikuwa nayo. Tulifungwa kwa goli moja. Mfungaji wetu Atu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikosa sekunde za mwisho, amesimama chini ya pete, hana hata mtu wa kumzuia. Nikasema, "Tumeshinda, Mwalimu. Kwa goli moja."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Haya. Basi ngoja nilale."

Nilijiona malaika. Nilipokata simu, hasira zangu nikaenda kuzimalizia kwenye kundi. Niliandika kwamba goli alilokosa Atu hata mama mkwe wangu, na goti lake lile, angefunga. Watu wakacheka mpaka machozi ya vikatuni yakajaa skrini. Alfajiri tukaambiwa Mwalimu Tekla amefariki, na mimi nikajifariji kwamba angalau amekwenda na kikombe.

Sasa ndoto yenyewe. Nilikuwa jikoni kwangu nachuja nazi, nikamwona Mwalimu amesimama mlangoni. Alivaa suti yake ya michezo ya bluu, soksi zimevutwa mpaka magotini, filimbi shingoni. Sikuogopa. Niliona tu aibu kwamba sijafagia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Marahaba haikuja. Nikarudia, nikidhani hakunisikia. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama msichana anayeumwa tumbo siku ya kukimbia.

"Nani alikosa?" aliuliza.

"Mwalimu, si nilikwambia tulishinda?"

Akageuka akatoka. Ninamfuata, chujio bado liko mkononi, na mlango wangu wa jikoni haufungui uani kwangu tena. Unafungua uwanja wa chuo. Ukungu umeshuka hadi kwenye nyasi, baridi inanikata nyayo. Nguzo za magoli zipo, pete zipo, na pembeni ya mistari, pale tulipokuwa tunaweka mabenchi, pamepangwa vitanda vya hospitali. Shuka zimetandikwa, hakuna aliyelala. Mwalimu anakaa kwenye kimoja na kutoa kile kisimu chake cha vitufe, kilichofungwa kwa mpira wa manati ili betri isidondoke.

"Nani alikosa?"

Nami sasa nimeanza kuchoka. Hata aliyekufa ana mipaka yake, nawaza, na mimi nina nazi jikoni. Nasema, "Mwalimu, umelala na ushindi. Watu wangapi wanaipata bahati hiyo? Si upumzike tu!"

Anashusha pumzi ndefu. Ninaijua pumzi ile, ndiyo ya mtu aliyerudia somo moja mara kumi mbele ya darasa moja.

"Walioshinda wana haja gani na mimi?"

Sijui nimeondokaje pale. Tuko bwenini, ghorofa ya juu, mbele ya chumba cha mwisho. Mwalimu anasimama kwenye kizingiti na haingii, kama mtu aliyekatazwa. Ndani, msichana ametupa mgongo anapanga nguo kwenye sanduku la bati. Godoro lake limekunjwa na kufungwa kamba. Anaikunja fulana ya timu, anaikunjua, anaikunja tena, na kila nikisogea nimwone uso, naukuta mgongo uleule. Nataka kumwambia aiache fulana. Sauti haitoki.

"Skola," Mwalimu anasema. "Jina."

"Tulishinda," nasema mara ya tatu, na safari hii hata mimi nasikia jinsi ninavyosema uongo. Nilikuwa namtetea nani? Yeye, au huyu malaika wangu niliyemvisha mabawa mwenyewe? Nikaanza kulia kwa hasira.

"Atu," nikasema. "Ni Atu aliyekosa. Tulifungwa, Mwalimu. Nilikudanganya."

Hakunigombeza. Alibonyeza vitufe polepole, akaweka simu sikioni, akangoja. Akaitoa, akaitazama. Akabonyeza tena. Kisha akainyanyua juu, mkono wote, akageuka huku na huku, kama tulivyokuwa tukifanya zamani kule kilimani tukitafuta mtandao. Akasonya, ule msonyo wake mrefu.

"Huku haipiti," alisema, kama vile kosa ni langu. Na lilikuwa langu. Alikirudisha kisimu mfukoni, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza bila ukali.

"Piga wewe."

Niliamka shingo imelowa. Mume wangu alikuwa anakoroma, nje palikuwa panakucha. Nikaichomoa simu chini ya mto. Yaliongezeka maua sita na tangazo la asali. Matokeo hakuna. Nikapandisha juu, juu sana, hadi usiku wa fainali, nikaukuta ujumbe wangu wa mama mkwe na vicheko vyote chini yake. Katikati ya vicheko palikuwa na mstari mdogo ambao sikuwahi kuuona: namba isiyo na jina ilikuwa imeondoka kwenye kundi.

Nilikaa na ile namba mkononi mpaka jua likatoka. Sikuwa na hakika ni ya nani, lakini nilikuwa najua. Nikaenda jikoni nisimwamshe mtu, nikapiga.

"Haloo."

"Samahani kwa asubuhi yote hii. Ni Atu? Mimi naitwa Skola, nilisoma hapo chuoni miaka ya nyuma, nilikuwa nachezea—"

"Nakufahamu, dada," alisema. "Wa mama mkwe. Shikamoo."

Alinisalimia hivyohivyo, na salamu ile iliniuma kuliko tusi. Nikaitikia marahaba kwa shida, nikamuuliza yuko chumba gani siku hizi.

"Niko nyumbani, Tukuyu. Sijarudi chuo tangu msibani."

"Kwa nini, mdogo wangu?"

"Watu walisema Mwalimu alipopata matokeo ndipo alipokata tamaa. Walikuwa wanasema nikiwa hapohapo, nasonga ugali wa msiba. Nitarudi kukaa na nani?"

Nikakaa sakafuni karibu na mbuzi ya nazi. Nikamwambia yote bila kupamba. Kwamba Mwalimu hakupata matokeo. Kwamba alinipigia mimi, na mimi nikamwambia tumeshinda, akasema basi ngoja alale, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Kwamba hakuondoka na kinyongo na mtu. Nilidhani Atu atashukuru. Nilikuwa bado ninasubiri kushukuriwa, mimi huyu, asubuhi ile.

"Kwa hiyo hakujua kama nimekosa?"

"Hakujua kabisa."

Nilimsikia anavuta pumzi, kisha analia polepole, mbali na simu.

"Ungemwambia, dada," alisema. "Mimi nilikaa na simu mkononi usiku kucha namngoja anipigie."

Nikajifuta uso kwa kanga.

"Atu," nikasema, "usikate simu. Nimetumwa kwako."