Shikamoo ya Mzee Mayunga

Msimu wa pamba ukifunguliwa, Mayunga huwa halali, hujilaza tu. Anatoka zamu miguu imevimba, vumbi la pamba limemkaa kooni, na kabla mwili haujapoa anaitwa tena getini. Ni mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya mji wa Bariadi, na kazi hiyo ameifanya mpaka mvi zimemkuta hapo hapo. Mwaka huu, juu ya uchovu wake wa kawaida, aliongezewa mwingine. Jioni alikuwa akijifunza karate.

Mafunzo hayo hakuyataka mwenyewe. Msimu uliopita alimkuta utingo mmoja wa lori la Fuso, kijana wa Dutwa aitwaye Shija, amekaa juu ya shehena ya pamba akivuta sigara. Cheche moja pale ingetosha kuteketeza kiwanda kizima. Mayunga angeweza kumwambia aizime. Badala yake alimshusha kwa ukosi wa shati, akamzaba kofi ambalo hata waliokuwa wanakula kantini walilisikia. Shija alipoinuka, sikio lake la kushoto lilikuwa linatoka damu.

Mkuu wa ulinzi, Constantine, alimwita ofisini.

"Mzee, kwenye sigara ulikuwa na haki. Kwenye sikio je?"

Halikuwa kofi la kwanza la Mayunga. Constantine akampa sharti: ajifunze kumdhibiti mtu bila kumuumiza, na siku mkono wake utakapompiga tena mtu kwa hasira, afunge virago arudi kwao Ipililo. Huko kwao shamba lilishagawanywa na wadogo zake, na hakuna aliyemwachia hata tuta moja. Benedikta, mkewe, alipoelezwa alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Na umri wako huu," alisema, "nani atakuajiri tena?"

Mafunzo yalifanyika ukumbini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Mtoro. Mwalimu alikuwa Naila, binti wa huyo Mtoro, aliyeanza karate alipokuwa chuoni Mwanza. Ni msichana mwembamba, mwenye sauti ya chini, hijabu ameibana vizuri isimsumbue. Wanafunzi wengine walikuwa watoto wa sekondari. Mayunga alifungwa mkanda mweupe, akaelezwa utaratibu: mwenye mkanda wa chini ndiye anayeanza kuinama kumsalimu wa juu, hata kama huyo wa juu ni mtoto.

Kwao mtoto ndiye anayemwamkia mkubwa. Mayunga akasimama mbele ya binti aliyelingana na kitinda mimba wake, na shingo ikagoma.

"Mwalimu, mgongo huu umebeba magunia mengi," alijitetea.

"Basi inama kidogo kidogo, baba. Kama mtu anayetafuta kandambili zake."

Watoto wakacheka, na yeye akajikuta anacheka. Katika kucheka huko akainama.

Mazoezi yalipoisha, Naila alivaa viatu mlangoni, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, baba. Msalimie mama." Mayunga akaitikia marahaba, akaenda zamu akiwaza jinsi kizingiti kimoja kinavyoweza kumgeuza mtu, ndani akawa mdogo na nje akawa mkubwa.

Kwa muda mrefu hakufundishwa kupiga. Alifundishwa kuanguka, kuinuka, na kusimama mikono ikiwa wazi mbele ya kifua. Kila alipokunja ngumi, Naila alikuja kuikunjua, kidole baada ya kidole. Mara nyingine alisinzia kwenye mkeka, wakamwacha. Kuna jioni alitamani Constantine amfukuze tu, apate kulala. Kisha alimkumbuka Benedikta na mchele wake, akavaa tena mkanda.

Msimu huu Shija akarudi.

Ilikuwa mchana, foleni ya malori imefika barabara kuu, na makuli wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Dereva wa Fuso aliteremka akamwamkia Mayunga kwa adabu, kwa Kisukuma, "Mwadila, bhabha." Shija alikuwa nyuma yake. Akapita bila salamu.

"Ngosha, mwenye sikio lako huyo," kuli mmoja akamchokoza Shija.

"Mgeuzie lile bovu, Shija. Lile zima usilihatarishe."

Shija akasimama, akarudi mpaka mbele ya Mayunga. Alitoa sigara mfukoni, akaibana mdomoni bila kuiwasha.

"Na leo nataka kuvuta," alisema. "Nipige na hili jingine, yalingane."

Moto wa zamani ukampanda Mayunga. Mkono wa kulia ulianza kujikunja wenyewe, akaukunjua. Akawaza, kwa kichwa cha mtu asiyelala: hapa nani yuko chini? Aliyekosa mwaka jana ni yeye mwenyewe. Na aliye chini ndiye anayeanza. Akabana visigino, akashusha mikono mapajani, akainama kama wanavyoinama ukumbini.

"Shikamoo, Shija."

Ukuta mzima ukaangua kicheko. Naila angeelewa, lakini Naila hakuwepo. Mzee akimwamkia kijana shikamoo mbele za watu, anamsuta. Anamwambia hana malezi. Mayunga mwenyewe aliwahi kuwafanyia hivyo wanawe walipopita bila salamu. Alilikumbuka hilo akiwa bado ameinama, na alikuwa ameshachelewa.

"Unanisuta?" Shija aliuliza. "Umeniua sikio, halafu unanisuta?"

Kofi lilianzia begani, na Mayunga aliliona likija. Mazoezi yalikuwa yamempa macho hayo. Mikono yake ilipanda ikiwa wazi, ikaishia kifuani, na hata leo hajui kama aliizuia au ilichoka tu. Kofi likamkuta shavuni. Kofia ikaruka. Aliyumba, akarudi mahali pake.

Kicheko kikakatika. Kumpiga mtu wa rika la baba yako ni jambo jingine kabisa, na wale wale waliokuwa wanachochea wakainuka. Mmoja alishika kipande cha ubao. Shija alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga geti.

Mayunga akajipenyeza katikati, akampa Shija mgongo na watu uso.

"Toka, mzee, tumfundishe."

"Mimi nafundishwa kila jioni," alisema. "Inachosha. Mwacheni."

Constantine akafika anahema. "Nani kaanza?"



"Mimi," Mayunga akasema.

"Leo?"

"Mwaka jana."

Kisha akageuka, akamwambia Shija taratibu kwamba alikuwa anaomba msamaha, hakuwa anasuta, ila amekosea namna. Shija alimtazama mdomo, akakunja uso.

"Umesemaje?"

Mayunga alikuwa amesimama upande wa sikio bovu. Ilimbidi azunguke mpaka upande wa pili na kuyasema tena yote, safari hii kwa sauti, makuli na madereva wakisikia. Mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza.

"Nakuomba msamaha. Kwa sikio lako."

 Shija alirudisha sigara mfukoni, akapanda juu ya mzigo wake, akakaa akiangalia kwingine.

Constantine aliokota kofia, akaikung'uta. "Mkono wako haukumpiga," alisema. "Nimeuliza, wamenithibitishia. Kesho zamu ya asubuhi kama kawaida."

Kwa kitambo kidogo Mayunga alikuwa ametumaini kuambiwa aende nyumbani, angalau kwa siku hiyo. Akavaa kofia. Kazi anayo bado, na magoti bado yanauma. Akalisukuma geti kwa bega, na Fuso ya Shija ikaingia polepole ndani ya vumbi.