Baiskeli Nyeusi ya Mwandishi Wetu

Habari kwamba mwandishi wetu wa vitabu wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale amefariki ilinikuta Biharwe, nikishusha mahindi kutoka kwenye lori langu, lile la pili. Nikasema pole kwenye simu, kisha nikawaamuru wabebaji warudishe magunia juu. Walinitazama. Mimi sichanganyikiwi na kazi. Niliishia darasa la nne na bado wenye digrii hunipigia kuuliza bei ya soko.

Marehemu ameacha vitabu saba, vinne vya kutunga na vitatu vya kweli, vyote juu yetu sisi tuliotoka Kivu Kusini. Kambini tulivisoma kinyume. Vya kutunga tulisema ni vya kweli, hata mama mmoja akamfuata na mwiko mkononi, akidai yule mke mchoyo wa sura ya pili ni yeye. Vya kweli tulisema ametunga, maana kila mtu alijikuta humo mdogo kuliko anavyojishuhudia kanisani. Lakini katika vyote saba mlikuwa na baiskeli nyeusi, kengele yake imefungwa kwa mpira. Inaazimwa, hairudi. Mhadhiri mmoja wa Mbarara alieleza saa nzima kwamba baiskeli ile ni maendeleo yanayoikimbia Afrika. Mwandishi, aliyeketi mbele, akayanakili maneno hayo kama mwanafunzi mwema. Mimi nilikuwa nyuma yake, shati limeniganda mgongoni.

Tulipotoka nikamwuliza, "Mwalimu, mbona baiskeli kila fasi?"

"Batu banaipenda. Weye hauipendi?"

"Naipenda, lakini imekuwa mingi."

"Basi andika yako. Unaongea mingi, omba gazeti fasi. Siku utaandika yako, mimi nitapumzisha yangu."

Ndivyo safu hii ilivyozaliwa. Miaka yote nimewaeleza humu jinsi nilivyofika Nakivale na mikono mitupu, nikajijenga hadi kuwa na ghala Kabingo. Yeye alisoma kila toleo. Tukikutana sokoni, alinishika bega na kusema neno moja tu: "Bado."

Kwenye mazishi alikuja askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara, msomaji wake mkubwa. Akanijia mbele ya mjane na watoto. "Mzee, wewe mulitoka na yeye kwenu. Hii baisikeli yake ilikuwa kitu gani?"

Mimi ninayeweza kumuuzia mtu mahindi yake mwenyewe nikasema, "Ni mambo ya wasomi hayo, afande."

Mjane hakulia. Akaniangalia. "Shemeji, mujibu afande."

Sikumjibu. Ninamjibu hapa, mbele yenu. Baiskeli ilikuwa ya marehemu. Aliniazima asubuhi moja nikamletee chumvi sokoni. Risasi zikaanza kulia, nikageuza usukani kuelekea mpakani, nikafika Nakivale nikiwa nimekaa juu yake. Yeye alikuja baada ya wiki nyingi, kwa miguu, na mama yake mzee mgongoni. Baiskeli ilikuwa imeshageuka magunia yangu mawili ya kwanza ya maharage. Hakuniuliza ilipo. Akaiandika mara saba, bila jina langu hata mara moja, akaniachia nafasi ya kulitia mwenyewe.

Nimechelewa, Jumamosi ninampelekea mjane baiskeli nyeusi, na ninajua haitoshi. Ninyi vijana mnaonipigia kuuliza siri ya kujijenga, siri ndiyo hiyo. Mkimsikia mtu akijisifu kwamba alianza na mikono mitupu, muulizeni ni nani aliyetembea kwa miguu.