Salamu zetu ndefu zilivyoniponza kwenye listening ya Kiingereza

Wakuu, nawasalimu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Naungama. Miaka yote nimekana, ila ukweli ni kwamba Kiingereza cha kusikiliza kilikuwa kinanipita. Kusoma naweza, kuandika naweza, digrii ninayo. Lakini kwenye vikao vya kazi hapa Geita, wageni wakiongea, nilikuwa nacheka pale wenzangu wanapocheka. Nikiulizwa, nasema spika mbovu.

Mwaka huu nikapata nafasi ya kusoma masters nje, kwa sharti moja: nifaulu mtihani wa Kiingereza. Nina miaka arobaini na saba. Nafasi kama hiyo isingenirudia.

Nikaanza mazoezi ya kusikiliza nyumbani, mtaani Kalangalala. Maswali kumi, nikapata mawili. Nikalaumu simu, nikanunua headphone mpya.

Nikapata mawili tena.

Aliyegundua ugonjwa ni jirani yangu Mama Doto, fundi cherehani. Kiingereza hajui. Siku hiyo nilikuwa nimeweka sauti ya wazi, yeye anashona pindo la sketi huku ananitazama.

"Mama Minza, mbona wenzio wanaongea, wewe umekunja mikono?"

"Bado wanasalimiana."

"Heee! Nani kakwambia hao wana muda wa kusalimiana?"

Wakuu, nikairudisha ile sauti mwanzo. Mtu anapiga simu hotelini: "Hello", na hapo hapo jina, tarehe, idadi ya vyumba. Mimi nimekulia Kharumwa. Kwetu mgeni anaulizwa habari za nyumbani, watoto, ng'ombe na mvua, ndipo aseme kilichomleta. Kwa hiyo dakika ya kwanza masikio yangu yalikuwa yamekaa kwa heshima, yanangoja shida ielezwe, na majibu yanapita mlangoni.

Mama Doto, ambaye huchukua oda za nguo kwa simu, akanipa na dawa.

"Shika chaki kabla hujapokea. Na akisema kitambaa cha kijani, usikimbilie kuandika. Atabadilisha."

Kweli bwana, na kwenye mtihani wanabadilisha! Jumatatu, aah hapana, Jumatano.

Nilifanya hivyo wiki sita, kalamu juu ya karatasi, mgongo umenyooka kama naapishwa. Mama Doto akipita dirishani: "Haya mama, wameshabadilisha?" Kisha nikaenda kufanya mtihani.

Nilichojifunza: masikio yangu yalikuwa mazima, na spika na simu nilikuwa nazisingizia. Nilikuwa nasikiliza kwa adabu za kwetu kwenye mazungumzo ya wengine. Mliopita njia hii, tupieni mbinu zenu hapo chini. Wa kunicheka nao, ruksa.

Matokeo? Jumanne asubuhi, namenya viazi, simu ikaita, namba ya nje. Dada wa chuo akaenda moja kwa moja: alama zimetosha, nafasi ni yako, masomo yanaanza mwezi wa tisa.

Nikamwomba arudie.

Nilikuwa nimeelewa kila neno. Nilitaka tu kuyasikia tena.